Kofi ni moja, Kiingereza kina majina kumi

*Wachina wanaofika Njoro, Naivasha na Olkaria hutegemea Kiingereza kuelewana na wenyeji. Linapokuja suala la makofi na sauti za ghafla, Kiingereza ndicho kinachowachelewesha.*

Makofi ya kilo hayapimwi kwa mizani. Katika shule za msingi za Nakuru, mtoto akikariri shairi bila kukwama, mwalimu huamuru darasa limpigie makofi hayo, na viganja hugongana kwa hesabu: pa-pa-pa, kimya kidogo, pa-pa-pa tena, hadi kofi la mwisho linalolia kwa pamoja. Mpangilio hutofautiana shule kwa shule. Zipo zinazoanza kwa kupasha moto: watoto husugua viganja kwanza, kisha wote humrushia mwenzao kofi moja zito.

Mgeni aliyejifunzia Kiingereza Nanjing au Chengdu, akiketi nyuma ya darasa kama hilo, huelewa tendo papo hapo. Kulitaja ndiko kunakomtoa jasho. Kiingereza humdai "clap" kwa viganja vinavyogongana, "applaud" kwa hadhira inayopongeza, "slap" kwa kofi la shavuni na "pat" kwa mguso wa begani wa kutia moyo. Humdai pia "applause", nomino isiyokubali wingi hata kama ukumbi mzima umesimama.

Mwanafunzi wa Nakuru aliye mbele yake hupigana vita hivyo hivyo. Hujikuta akiongeza "s" kwenye "applause" kwa kuwa kichwani mwake makofi ni mengi. Huandika kwamba mgeni wa heshima "alipigwa makofi", na mgeni wa watu hajaguswa na yeyote.

Wawili hao hukutana kwenye lugha ambayo si ya yeyote kati yao, na kila mmoja hudhani ugumu ni wake peke yake.

Njia mbili za Kichina kufika Bonde la Ufa

Kichina kilikuja eneo hili kwa chuo na kwa kandarasi.

Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Egerton huko Njoro, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Mwaka 2012 kilianzisha Taasisi ya Confucius kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing. Kenya ilikuwa na uzoefu wa taasisi hizo tangu 2005, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata ya kwanza barani Afrika. Ile ya Njoro ilijitofautisha kwa kuoanisha lugha na kilimo, jambo lililofaa mji wenye mashamba pande zote.

Kandarasi zilileta watu wa aina nyingine. Reli ya kisasa kutoka Nairobi hadi Suswa, kilomita 120, ilifunguliwa Oktoba 16, 2019 baada ya kampuni ya Kichina ya CCCC kutoboa handaki la kilomita 4.5 chini ya vilima vya Ngong. Huko Olkaria, kampuni nyingine ya Kichina, Great Wall Drilling, ilichimba visima vya mvuke kwa ajili ya kampuni ya umeme ya KenGen. Mwishoni mwa 2025 ukazinduliwa upanuzi wa barabara kuu ya Rironi, Naivasha, Nakuru hadi Mau Summit, na kampuni za China zimo miongoni mwa wajenzi.

Wakenya nao walianza kwenda upande wa pili. Januari 2019 taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ilitangaza kuwa Mandarini ingeanza kufundishwa mwaka uliofuata kuanzia gredi ya nne, ikiwa somo la hiari pamoja na Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu.

Katika mikondo yote miwili, Kiingereza ndicho daraja. Mwalimu kutoka Nanjing hueleza Kichina kwa Kiingereza. Mhandisi hutoa maagizo kwa Kiingereza. Kitabu cha mwanafunzi huweka Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Katiba ya 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza vyote viwili kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Katika madarasa haya lugha ya taifa hukaa nje, ikisubiri wakati wa mapumziko.

Piga na "da"

Hasara ya kuiacha nje huonekana kwenye kitenzi kimoja.

Kiswahili hutumia "piga" kwa mambo ambayo hayana kipigo chochote ndani yake: kupiga simu, kupiga chafya, kupiga miayo, kupiga sindano, kupiga picha. Wazungu wanaojifunza Kiswahili hucheka sana wakifika hapo, na vitabu vyao huwaandalia orodha ndefu ya kukariri kama vituko vya lugha.

Mchina hana sababu ya kucheka. Kichina kina kitenzi "da", maana yake ya msingi ikiwa kupiga, na orodha yake inafanana na ya Kiswahili kiasi cha kushangaza. Kupiga simu ni "da dianhua". Kupiga chafya ni "da penti". Kupiga miayo ni "da haqian". Kupiga sindano ni "da zhen", kupiga ngoma ni "da gu", na radi ikipiga Wachina husema "da lei". Neno kwa neno, kipigo kwa kipigo.

Picha nayo hupigwa, ingawa kwa kitenzi kingine: "pai", ambacho ni kupiga kwa kiganja kilichokunjuliwa. "Pai" hiyo hiyo ndiyo inayopiga makofi ("pai shou"), inayodundisha mpira na inayomgusa mtu begani.

> Kiingereza "hutengeneza" simu, "huchukua" picha na "hutoa" sindano. Kiswahili na Kichina huzipiga zote tatu.

Kikuyu, lugha ya nyumbani ya wakazi wengi wa Nakuru, kiko upande huo huo. "Hũũra" ni kupiga, na humohumo mna simu, picha na makofi, yaani "kũhũũra hĩ". Mtoto wa Bahati au Njoro huingia darasani akiwa na mantiki hii mara mbili, kutoka kwa mama na kutoka uwanja wa michezo. Kisha Kiingereza humtaka aiweke kando.

Mlingano huu una mipaka yake. Mchina hapigi pasi, hapigi kura wala hapigi mswaki. Kila kimojawapo kina kitenzi chake. Kwa upande wake hu-"da" teksi anapoisimamisha, hu-"da" maji anapoyateka, na hu-"da" kibarua anapokifanya mjini. Mwanafunzi makini hana haja ya kuambiwa kwamba lugha hizi zina undugu, kwa sababu hazina. Inatosha ajue mahali zinapokubaliana, ili nguvu zake azipeleke kwingine.

Irabu moja kati ya sifa na kesi

Mahali pa kupeleka nguvu ni hapa. Kumpiga mtu makofi ni ugomvi. Kumpigia mtu makofi ni heshima. Tofauti nzima imebebwa na irabu moja, ile "i" ya mnyambuliko wa kutendea, na mgeni anayeidondosha huweza kumweka diwani hospitalini bila kukusudia.

Kiingereza hukwepa hatari hiyo kwa kubadilisha neno lenyewe. Kichina huikwepa kwa kuongeza neno dogo: "gei", yaani kupa au kwa ajili ya, hutangulia anayepongezwa, ndipo "guzhang" ifuate, ambayo ukiifungua sehemu zake ni kupiga ngoma kwa viganja. "Gei" na ile "i" zinafanya kazi moja: zinaonyesha kwamba kofi linaenda kwa faida ya mtu na halielekezwi mwilini mwake. Mwalimu akisema hivyo mara moja, Mchina haisahau. Akipitia Kiingereza, hana pa kulishika somo hili, kwa kuwa Kiingereza kimeshabadilisha neno lenyewe.

Kofi la hasira lina msamiati wake, na ni tajiri. Mtu huzabwa kofi, hunaswa kofi, hulambwa kofi, hutiwa kibao. Akigongwa kichwani kwa vifundo vya vidole, hiyo ni konzi, na Kiingereza hakina jina lake la siku zote. Kichina hutosheka na "bazhang", neno ambalo ni kiganja na ni kofi kwa wakati mmoja, sawasawa na jinsi kofi la Kiswahili lilivyo kiganja kabla ya kuwa kipigo.

Mguso mwepesi ndio unaofurahisha zaidi. Kiswahili huurudia mzizi ili kuupunguza nguvu: kumpigapiga mtoto mgongoni ili alale. Kichina hufanya vivyo hivyo: "pai" ni kupiga kwa kiganja, "paipai" ni kupigapiga kidogo. Kiingereza kina "pat", neno zuri, fupi, lisilofanana na "slap" wala "clap" kimaana ijapokuwa yote yana irabu ile ile.

Adabu za makofi pia huhitaji kufundishwa, na vitabu huziruka. Katika kumbi za China, mheshimiwa anayepigiwa makofi naye hupiga makofi akiielekea hadhira; ni kurudisha shukrani. Mkenya asiyejua hudhani mtu anajipongeza mwenyewe. Waingereza nao wana makofi ya polepole, moja moja, ya kubeza, na Wachina wana "gu daozhang", makofi ya kinyume, yenye nia hiyo hiyo. Mgeni aliyeonywa kuhusu makofi ya polepole, kisha akasikia makofi ya kilo yakienda kwa hesabu na vituo, ana haki ya kujiuliza kama mtoto yule amekosea wapi.

Tena si kila pongezi hupita viganjani. Kwa Wakikuyu, ngemi, yaani vigelegele, ndizo zilizotangaza kuzaliwa kwa mtoto, tano kwa wa kiume na tatu kwa wa kike. Na katika shule ya viziwi ya Ngala, papo hapo Nakuru, makofi ni mikono iliyoinuliwa juu ikitikiswa, kama yalivyo kwa jamii za viziwi duniani kote. Pa-pa-pa haina kazi hapo.

Kilichoanguka na kilipoangukia

Kutoka kwenye kofi hadi kwenye sauti nyingine za ghafla ni hatua fupi. Kiswahili kinazo nyingi, na shule za Kenya huzifundisha kwa jina la tanakali za sauti. Mwanaisimu Clement Doke aliyatambua maneno ya aina hii mwaka 1935 kuwa kundi la pekee katika lugha za Kibantu, baada ya wataalamu waliomtangulia kuyasukumia kwenye vielezi au kuyapuuza kama kelele.

Kelele zenyewe zina nidhamu. Kitu kikianguka, Kiswahili huuliza kimeangukia wapi. Majini ni chubwi. Mchangani ni tifu. Matopeni ni tapwi. Sarafu sakafuni ni tang', na gunia la viazi likishuka kutoka kwenye lori pale sokoni ni pu. Msikilizaji hahitaji kutajiwa mchanga wala matope, tanakali imeshamwambia.

Kiingereza huuliza swali jingine: sauti ilikatikaje? "Thud" ni nzito na butu, "bang" hulipuka na kuacha mwangwi, "snap" hukatika ghafla, "crack" hupasua. Mwaka 1930 Mwingereza J. R. Firth alionyesha kwamba vipande vya maneno hayo hurudi kwa makundi bila kuwa na maana kamusini: kuna familia ya "cl" inayogongana, kuna "ash" inayoponda. Mzawa wa Kiingereza huzihisi bila kufundishwa. Mgeni huzikariri moja moja.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye sarufi. Kiingereza hukimeza kishindo ndani ya kitenzi, kiasi kwamba tawi "snapped" na jiwe "plopped". Tendo na sauti ni neno moja. Kiswahili huviweka kandokando: tawi lilivunjika kacha, jiwe lilitumbukia chubwi. Kichina nacho huviweka kando, ila sauti hutangulia: "putong" sauti moja, ndipo kitu kikaanguka majini; "kacha" sauti moja, ndipo tawi likavunjika.

Naam, "kacha". Neno la Kichina la kitu kikavu kinachovunjika ghafla ni "kacha", na Mswahili akivunja kijiti husikia kacha. Hakuna aliyemwazima mwenziwe. Kijiti ndicho kilichowafundisha wote wawili, na meno na ulimi vya binadamu havina njia nyingi za kukiigiza. Wachina huitumia "kacha" hata kwa kamera inapofyatuliwa.

> Chubwi humwambia msikilizaji kuna maji. "Splash" ya Kiingereza humwambia pia yameruka kiasi gani.

Kuna na "pilipala", isiyo na uhusiano wowote na pilipili: ni mlio wa fataki zinazofuatana, wa mvua juu ya bati, au wa ukumbi unaopiga makofi bila mpangilio. Kiswahili hapo hutoa kitenzi kimoja kizuri ambacho watu wamekisahau, kutatarika: mafuta ya moto hutatarika, kuni mbichi hutatarika, na fataki nazo zinastahili. Ngoma hurindima, volkeno hutuma mtutumo, vidole hualika. Insha za wanafunzi zingependeza zaidi kwa vitenzi hivi kuliko kwa zile tanakali tano sita zinazozunguka kila mwaka.

Masikio ya Nakuru

Ngurumo ya radi juu ya kreta ya Menengai ni ile ile kwa kila mtu. Kinachotofautiana ni sikio linaloipokea.

Mandarini haitofautishi "p" na "b" kwa mtetemo wa koo. Huzitofautisha kwa pumzi: "pa" ya kofi hutoka na upepo, "ba" ya kiganja hutoka bila upepo. Ndiyo maana Mchina anayeanza Kiswahili huweza kusikia "bata" na "pata" kama neno moja lililotamkwa ovyo. Kalenjin, lugha ya majirani wa magharibi ya kaunti, nacho hakitumii mtetemo huo kutenganisha maana, na walimu wa Molo na Rongai wanazijua sentensi za watoto ambamo "p" na "b" hubadilishana viti. Kikuyu cha asili hakina "p" kabisa.

Kwa hiyo darasa moja la Njoro laweza kuwa na watu watatu wanaokosea sauti ile ile kwa sababu tatu tofauti. Kuwasahihisha kwa pamoja, kwa kelele moja ya "sema pa!", ni kupoteza muda. Mchina anahitaji kupunguza pumzi na kutetemesha koo. Mkalenjin anahitaji kuambiwa kwamba mtetemo huo, ambao mdomo wake tayari unaujua, hapa hubadilisha maana.

Pwani hali ni nyingine. Katika lahaja za kaskazini kama Kimvita, paa wa porini na paa la nyumba hutofautishwa kwa pumzi tu, mnyama akitamkwa kwa upepo na nyumba bila upepo. Mchina angeisikia tofauti hiyo kabla ya Mkenya wa bara, ambaye Kiswahili chake kiliitupa njiani.

Toni nazo hugeuza mizani. Kiswahili hakina toni. Kikuyu na Kalenjin vinazo, na Mandarini inazo nne. Maneno ya sauti za ghafla ya Kichina kwa kawaida hukaa kwenye toni ya kwanza, ya juu na iliyonyooka, na sikio la Kikuyu huipokea bila shida. Mtoto anayekemewa kwa lafudhi yake kwenye Kiingereza anaweza kuwa mbele ya wenzake kwenye Kichina kwa sababu ya lafudhi hiyo hiyo.

Panapobaki ugumu wa wote ni mwisho wa neno la Kiingereza. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Za Mandarini huishia kwa irabu, au "n", au "ng", na mara chache "r". "Clap" na "thud" huishia kwenye konsonanti iliyofungwa kama mlango, na mlango huo ndio ghafla yenyewe. Mchina huweka irabu nyuma yake, na Mkenya mdogo huweka irabu nyuma yake, na neno la ghafla linakuwa refu. "Bang" peke yake hupita salama kwa Mchina, kwa kuwa "ng" yake anayo nyumbani.

Orodha na wapinzani wake

Wanaotetea Kiingereza kama daraja wana hoja zenye uzito. Mkataba wa ujenzi umeandikwa kwa Kiingereza, alama za usalama ni za Kiingereza, na mhandisi anayekaa Kenya miaka miwili kabla ya kuhamia Zambia hana sababu ya kuwekeza kwenye lugha atakayoiacha nyuma. Mwanafunzi Mkenya naye ataomba ufadhili wa masomo kwa Kiingereza. Vitabu vipo tayari. Vya Kichina kwa Kiswahili ni vya kutafuta.

Upande wa pili hujibu kwamba walio wengi kazini, yaani vibarua, madereva, wapishi na walinzi, huongea Kiswahili siku nzima, na Kiingereza chao ni cha maagizo. Hujibu pia kwamba njia ya Kiswahili kwenda China haijaanza leo. Redio ya China ilianza matangazo ya Kiswahili Septemba 1, 1961, vyuo vya Beijing vimefundisha lugha hii tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, na mwaka 2011 tamthilia ya Kichina "Doudou na Mama Wakwe Zake" ilitiwa sauti za Kiswahili na kutazamwa Tanzania, kisha Kenya. Hakuna aliyehitaji Kiingereza ili amcheke mama mkwe.

Kwa somo lote la lugha, mzozo huo hauwezi kuamuliwa haraka. Kwa sehemu hii ndogo ya makofi na vishindo, ushahidi wa sarufi uko wazi upande wa Kiswahili. Mchina anayejua "da" na "pai" ana nusu ya somo mfukoni, na mwalimu anayempitisha kwenye "clap", "pat" na "slap" kwanza anamnyang'anya nusu hiyo.

Ila Kiswahili chenyewe kina mzozo wake wa ndani, na hapo watetezi wake wanapaswa kuinamisha vichwa kidogo. Tangu mtihani wa shule za msingi, KCPE, uanze mwaka 1985 hadi kikao chake cha mwisho mwaka 2023, tanakali zilifundishwa kwa orodha: lala fofofo, nyamaza jii, jaa pomoni, giza totoro. Mtahini alitafuta mapambo, mwalimu akayatoa, na mtoto akayapachika yote kwenye insha moja, hata kama ilihusu umuhimu wa misitu. Wanaoitetea orodha husema kwamba bila yake watoto wa mjini, waliokulia kwenye Sheng, wasingeyasikia maneno hayo popote. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba mtoto ambaye hajawahi kuona mchanga ukipokea mzigo hukariri tifu kama namba ya simu ya mtu asiyemjua.

Mtaala mpya unataka umilisi kuliko kukariri. Jinsi ya kuupata umilisi wa sauti si siri: ndoo ya maji, beseni la mchanga, kijiti kikavu, sarafu ya shilingi ishirini. Sarafu iangushwe majini, mchangani na sakafuni, kijiti kivunjwe, na darasa liseme kilichosikika, kwa Kiswahili, kwa Kichina, kisha kwa Kiingereza. Utaratibu huo unafaa darasa la Mandarini la gredi ya nne na darasa la Kiswahili la mhandisi kwa gharama ile ile, ambayo ni ndogo mno.

Gari likilia

Nje ya shule, maneno haya hayajawahi kuhitaji mtetezi. Gereji za jua kali za Nakuru huendeshwa nayo.

Mteja hafiki na jina la kipuri. Hufika na sauti. Gari likilia ka-ka-ka kila linapokata kona, fundi huinama kwanza kwenye kiungo cha ekseli ya mbele. Likilia du-du kwenye matuta, huanza na bushi, kisha shokamzoba. Breki zikilia kwii, pedi zimekwisha. Likipiga pa! nyuma na kutoa moshi, mafuta yanaungulia kwenye ekzosi. Fundi anayeelewa kazi humwuliza mteja arudie, na mteja hurudia kwa mdomo wake wote, watu wakipita bila kugeuka.

Fundi huuliza tena maswali mawili: ni mara moja au mfululizo, na ni kitu kikavu au kitu kizito? Maswali hayo ndiyo yanayotenganisha kacha na kakaka, na pu na du-du-du. Kichina huyajibu kwa njia ile ile: "peng" ni mpigo mmoja mzito, "honglong" ni mtutumo unaoviringika, "kacha" ni kikavu na cha mara moja.

Kwenye barabara ya Mau Summit, magari mazito ya ujenzi yanahudumiwa na mafundi wa hapa chini ya wasimamizi kutoka China, na fomu ya kuripoti hitilafu kwa kawaida hujazwa kwa Kiingereza. Humo "strange noise" hutosha kuwa maelezo kamili. Dereva aliyesikia ka-ka-ka upande wa kushoto akikata kona kuelekea mlimani ameiandika taarifa hiyo kwa maneno mawili yasiyomsaidia mtu, na msimamizi anayejua "kacha" ni nini analazimika kwenda kuliwasha gari mwenyewe na kusikiliza.